Siku moja maishani mwangu: kuifumua na kuisuka upya tovuti ya lugha nyingi

Saa 12 asubuhi. Kabla hata ya mswaki nishafungua simu. Mradi wetu ni wa programu huria na wachangiaji wametapakaa duniani, kwa hiyo usiku wangu hapa Dar ni mchana wa mtu mwingine. Kwa Wajapani muda huu ni saa 6 mchana, na mmoja wao ameniandikia kwa adabu zote kwamba vichwa vya kurasa vinakatika katikati ya neno. Kijapani hakiachi nafasi kati ya maneno, basi kivinjari kinavunja mstari popote kinapojisikia. Naliweka kwenye orodha.

Saa 2. Chai na chapati, kisha mezani. Watu wakisikia natengeneza upya tovuti hudhani nashinda nachagua rangi. Rangi zilikwisha zamani. Kinachokula muda ni tafsiri. Maandishi ya Kiingereza hutolewa kwenye kurasa yakaingizwa kwenye faili za PO, sentensi kwa sentensi, na mtafsiri huandika ya kwake chini yake, wengi kupitia Weblate, tovuti ya kutafsiria programu. Ukiigusa sentensi ya Kiingereza, hata kwa kuongeza mkato tu, tafsiri zake zote hupigwa alama ya fuzzy, yaani "haina uhakika", na sentensi hiyo inarudi Kiingereza kwenye kila lugha mpaka mtu aipitie tena.

Ndiyo maana nabishana na mbunifu wetu wa Nairobi. Ameleta mabadiliko ya ukurasa wa mwanzo, "maneno madogo madogo tu".

"Madogo kwako, dada," namjibu. "Huku kila lugha inarudi kazini, na hawa watu wanajitolea."

"Sawa kaka, lakini hiyo sentensi ya kwanza ni mbovu."

Ni mbovu kweli. Tunakubaliana: maneno yote yanayobadilika yakusanywe, yaingie kwa mkupuo mmoja, na watafsiri wapewe taarifa na wiki kadhaa kabla tovuti haijazinduliwa.

Saa 4 na nusu. Kiarabu, na hapa ndipo siku inapoliwa. Ukurasa mzima unageuka: menyu inahamia kulia, mshale wa kuendelea unatazama kushoto. Tovuti ya zamani ilikuwa na faili nzima ya mitindo kwa ajili ya Kiarabu, Kiajemi na Kiebrania, na kila aliyerekebisha upande mmoja alisahau wa pili. Nimeifuta. Kila palipoandikwa margin-left (nafasi ya upande wa kushoto) naweka margin-inline-start (nafasi ya mwanzo wa mstari), kivinjari chenyewe kijue mstari unaanzia upande gani.

Kisha nakutana na kituko. Kwenye maelekezo ya kusakinisha, amri ./install.sh inaonekana install.sh/. kwenye ukurasa wa Kiarabu. Hakuna aliyeigusa. Ile nukta na mkwaju vya mwanzoni havina mwelekeo wa kwao, hivyo vimefuata mwelekeo wa aya na kurukia upande wa pili. Anayenakili na kubandika hapati shida. Anayeandika kwa mkono huku akitazama skrini atahangaika mpaka ailaumu kompyuta yake. Dawa yake ni dir="ltr", yaani "soma kutoka kushoto kwenda kulia", kwenye kila kipande cha amri. Kuiandika dakika moja, kumjua mchawi saa nzima.

Saa 7, wali maharage.

Saa 8. Najaribu kurasa kwenye simu yangu ya zamani, ya kioo chembamba, kwa bando la kawaida. Kijerumani kinavimbisha vitufe mpaka vinapasuka mistari miwili. Sasa mimi huanza kuchora na Kijerumani. Kikikaa hicho, Kiingereza hakina neno. Fonti za Kichina nazo ni megabaiti kadhaa, nimeziondoa. Simu ya msomaji tayari inayo fonti yake.

Saa 3 usiku, kikao. Hoja ya kwanza ni bendera kwenye kichagua lugha. Nauliza tu: Kiswahili tukipe ya Tanzania au ya Kenya? Kimya. Bendera zimetoka, kila lugha itaandikwa kwa jina lake yenyewe.

La pili ni kumpeleka mgeni kwenye lugha kulingana na nchi aliyopo. Nakataa kabisa. Mswahili aliyeko Muscat atasukumiwa Kiarabu kwa kosa gani? Tovuti ya Debian, mfumo huria wa kompyuta, huangalia lugha iliyowekwa kwenye kivinjari, na hiyo ina nafuu, ingawa simu nyingi huku zimeachwa kwenye Kiingereza kama zilivyotoka dukani. Kwa hiyo kichagua lugha kikae juu, kionekane.

Mwishoni mtu anapendekeza lugha "ndogo" zifichwe chini ya "nyingine", Kiswahili kikiwemo. Namkumbusha kwamba Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili, mwaka 2004, sisi si wageni humu. Nataka orodha moja, kwa alfabeti. Hatukumaliza, mwenzetu wa Brazili alikuwa na kikao kingine, tumeisogeza hadi Jumanne.