Malaika Hana Mama

Mwishoni mwa Septemba 2018 mimba yangu ilitoka ikiwa na wiki 13. Watoto walikuwa wameshajua. Binti yangu, miaka 8, alihesabu miezi kwenye kalenda ya parokia iliyotundikwa sebuleni, na mdogo wake wa miaka 5 hakulala mpaka aweke mkono tumboni kwangu, eti amuage mwenzake.

Niliporudi kutoka hospitali nilikuta wifi yangu amenitangulia kuwaambia. Alitaka kunipunguzia mzigo, na macho yake yalionyesha alivyolia. "Mdogo wenu Mungu amempenda zaidi," aliwaambia, "amemfanya malaika."

Usiku ule mwanangu akagoma kusali. Kwetu sala ya jioni huishia kwa malaika mlinzi, ile fupi ya kuomba ulinzi katika hatari za roho na za mwili. Ilipofika hapo akafumba mdomo. Usiku wa pili, vilevile. Wa tatu alinivuta sikio akaninong'oneza, "Mama, nikimwita atakuja kunichukua na mimi."

Dada yake alikuwa na lake. Alishaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. "Mama, kwani alibatizwa?"

Swali hilo ndilo lililonimaliza. Marehemu bibi yangu alitufundisha habari za limbo, mahali pa vichanga waliokufa bila ubatizo, pasipo na mateso lakini wasipouona uso wa Mungu. Nilidhani nimeshayasahau. Kumbe yalikuwa yamekaa tu, yananisubiri.

Oktoba ni mwezi wa rozari, na jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilipofika, katekista wetu, mzee aliyewafundisha hata wazazi wa wenzangu, alibaki wengine walipoondoka. Nilimweleza yote. Akavuta kigoda, akawaita watoto.

"Malaika Gabrieli, mama yake nani?"

Wakatazamana.

"Hana. Malaika ni roho, hana mwili, hakuzaliwa na mtu. Mungu aliwaumba malaika wawe malaika, akawaumba watu wawe watu. Mtu akifa hageuki malaika. Mdogo wenu ni mtu. Mama yake huyu hapa. Baba yake yule. Na ndugu zake ni ninyi."

"Kwa hiyo Mungu hakutuma malaika amchukue?" mwanangu akauliza.

"Hapana. Mimba nyingine hutoka, na mara nyingi hata daktari haoni sababu. Mungu hakuja kumwiba. Amempokea."

Kuhusu ubatizo alifungua Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1261, akamsomea binti yangu taratibu: Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, likikumbuka maneno ya Yesu, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu." Hakumwambia "tunajua." Alimwambia "tunatumaini," akalirudia neno hilo. Kisha akanigeukia mimi: limbo haikuwahi kuwa fundisho la imani ambalo Mkatoliki analazimika kulishika, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani, kwa kibali cha Papa Benedikto XVI, iliandika kwamba tuna sababu nzito za kuwatumainia watoto hao wokovu. Nililia mbele yake bila kuona haya. Mpaka leo namshukuru kwa kutomdanganya mwanangu. Tumaini ningeweza kulirudia kila jioni bila kuongeza chumvi.

Wifi sikumlaumu. Nilimweleza tu kilichomtia mtoto hofu, naye akaja mwenyewe kumwambia, "Shangazi alikosea kusema."

Jioni ile mtoto alipiga magoti kando ya kitanda, akanyamaza kidogo.

"Mama, naye alikuwa na malaika wake mlinzi? Akiwa tumboni?"

Nilichukua Katekisimu aliyotuachia mzee, nikatafuta chini ya taa mpaka nikapata, namba 336: uhai wa mtu, tangu mwanzo wake hadi kifo, umezungukwa na ulinzi wa malaika.

"Alikuwa naye," nikamwambia. "Tangu mwanzo."

"Basi hakuwa peke yake kule hospitali."

Akafanya ishara ya msalaba, akaisali sala yote hadi Amina, kwa sauti.