Vile nilianza kudairekti Nairobi bila kusomea filamu

Watu huniuliza sana hii maneno so wacha niandike mara moja. Dairekta Wanuri Kahiu alisomea chuo cha UCLA huko Marekani, na filamu yake Rafiki ikafika tamasha la filamu la Cannes 2018, sawa kabisa, lakini mimi karo ya hivyo ningetoa wapi? Njia yenye niliona naweza ni ya dairekta Tosh Gitonga. Kabla ya Nairobi Half Life ya 2012, ile filamu ya kwanza Kenya ilipeleka Oscar, jamaa alikuwa msaidizi wa dairekta, hata kwa filamu ya The First Grader alikuwa. Na bado hiyo yake ya kwanza ilisimamiwa na dairekta Tom Tykwer wa Ujerumani, kwa hivyo msidhani aliamka tu siku moja akapewa.

Basi nikaanza chini, kubeba waya, kuletea watu chai na mandazi, na kuzuia wapita njia wasiingie kwa fremu. Hiyo ya kuzuia watu River Road usiicheke, makanga anaita abiria, mkokoteni unakuja na magunia ya viazi, mzee anataka kujua mnalipa ngapi, na wewe ni kubembeleza tu "mzee wangu, dakika mbili" na huko nyuma dairekta amenuna.

Baadaye nikapewa kupanga ratiba na hapo ndio niliiva. Unavunja skripti sini kwa sini, yaani tukio moja moja, nani yuko, amevaa nini, ni mchana ama usiku, halafu sini zote za nyumba moja mnazishuti pamoja hata kama hii ni ya mwanzo na ile ni ya mwisho. Ukishajua hivyo unaanza kuandika ukiangalia mfuko.

Filamu yangu fupi niliandika nikiwa nimeshapata nyumba, ya binamu huko Umoja, waigizaji wawili pekee, leseni ya kushuti nikachukua KFCB, ile bodi ya filamu ya serikali. Shida ilikuwa sauti. Ukutani tulitundika mablanketi lakini pampu ya maji ya ploti ilikuwa inanguruma hadi ndani, ikabidi niongee na keateka aizime tukishuti, na kina mama wako na mitungi wanangoja, so tulikuwa tunashuti kidogo, maji yanafunguliwa, tunarudi. Iliisha.

Sasa napanga ingine, Kariobangi. Kama unajua kurekodi sauti na uko na maiki yako, nitafute, pesa ni kidogo lakini chakula iko.