Nilivyotenganisha michungwa na msitu kwenye picha za Muheza

Ramani yangu ya kwanza ya Muheza, mkoani Tanga, ilinipa furaha kubwa. Nilikuwa nimelinganisha picha za setilaiti za miaka ya 1980 na za sasa, na tambarare yote iliyo chini ya Usambara Mashariki, palipokuwa na mkonge, ilitoka kijani kibichi. Nikaandika kwenye rasimu: msitu unarudi.

Picha za zamani ni za setilaiti ya Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984. Tangu 2008 hifadhi ya Landsat hutolewa bure, na kwa mwanafunzi anayejisomesha hiyo ni neema. Shida ya mwambao wetu ni mawingu. Setilaiti ile ilikuwa ikirudi mahali palepale kila baada ya siku 16, na masika ikishika unaweza kumaliza miezi bila picha safi. Basi nikachukua nilizozipata: za zamani za Februari, wakati wa kaskazi, na za karibuni za Julai, mvua zikiwa zimetoka kwisha.

Nilipokwenda kuhakiki, GPS ikanisimamisha penye "msitu". Nilikuwa katikati ya michungwa. Mzee mmoja alikuwa anapalilia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepotea?"

Nikamwonyesha ramani kwenye simu. Hakusema kitu. Alinipeleka hadi mpakani akanionyesha mikonge mitatu iliyobaki, imejipanga mstari ulionyooka kama uzi.

"Hapa palikuwa mkonge mtupu. Baba yangu alikuja manamba. Bei ilipoanguka shamba likaachwa, likawa pori, mwisho tukagawiwa. Mkonge utamuuzia nani bila mashine? Chungwa, lori linalifuata hapahapa."

Sababu niliyokuwa naitafuta kwenye pikseli, yaani vile vijiraba vinavyounda picha, ilikuwa kwenye maneno hayo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kamba za plastiki zikavamia soko, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Hakuna setilaiti inayopiga picha ya bei.

Niliporudi Tanga nilianza upya. Pikseli ya Landsat ina mita 30 kwa 30, inameza michungwa zaidi ya kumi, kwa hiyo kwa picha za sasa nilihamia setilaiti za Sentinel-2, zenye pikseli ya mita 10. Kubwa zaidi, kila eneo nililiangalia mara mbili, Februari na Julai. Julai kila kitu ni kijani. Februari pori la tambarare hupukutisha majani na mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi, hupungua, lakini mchungwa haupukutishi. Msitu wa milimani nao haupukutishi, ndiyo maana nilitumia mwinuko wa ardhi, na penye utata nikatafuta mistari ya miti kwenye Google Earth.

Ilibaki kujua lini. Mzee hakukumbuka mwaka aliopanda, ila alisema mvua za El Nino, zile za 1997 na 1998, zilikuta michungwa yake imeshaanza kuzaa. Mchungwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, basi nikajua nianze kutafuta picha za miaka ya mwanzo ya 1990. Siku hizi, kabla sijawasha hata GPS, huuliza hilo kwanza: El Nino ilikuta mti huu umeshazaa?