Unyoya wa jogoo mlangoni mwa Lukuledi

Wale mnaoniuliza kila siku hivi huu uvuvi wenu wa manyoya ni wa nini wakati samaki sokoni wapo, leo nimekaa nijibu vizuri, maana kwenye simu naishia kujibu nusunusu.

Sisi tupo kumi na moja hapa Lindi mjini, tunavua mlangoni mwa mto Lukuledi. Kuna mwalimu, fundi cherehani, madereva bodaboda wawili, wakulima wa korosho (hao ikifika mwezi wa kumi huwaoni tena mpaka minada iishe), na mzee mmoja mvuvi wa siku nyingi ambaye wote tunamwita Nahodha. Tunachanga elfu mbili kwa wiki, hela inaenda kwenye nauli ya boti la kuvukia Kitunda ng'ambo ya pili, ndoana, nailoni, na chai na mihogo ya asubuhi. Fimbo zetu ni mbili tu, aliziacha rafiki yangu aliyekuwa anafanya kazi huku. Watu kumi na moja fimbo mbili, kwahiyo mmoja anarusha, wengine tumekaa kwenye mizizi ya mikoko tunaangalia maji, na kiukweli hapo kwenye kuangalia ndipo nilipojifunza kuliko nilipokuwa nimeishika fimbo.

Kwa asiyejua, ukivua kwa mshipi wa kawaida kinachoupeleka mbali ni chubwi, kile kizito kinachofungwa kwenye mshipi. Huku chubwi hakuna, na chambo hakuna. Kwenye ndoana umefunga manyoya na nyuzi mpaka yafanane na kidagaa au kamba, kitu chenyewe ukikipuliza kinapeperuka, sasa utakirusha vipi? Mshipi wenyewe ndio mzito. Ni mnene kama waya wa chaja, juu umevikwa plastiki, na mbele yake unaunga nailoni nyembamba ambayo samaki haioni. Unachorusha ni mshipi, unyoya unafuata. Unaupeleka nyuma, unasubiri unyooke wote mgongoni kwako, ndio unauleta mbele. Kwenye kusubiri ndiko wote tuliumia, maana sisi tumezoea mshipi wa mkono, unazungusha chubwi unaachia kwa nguvu, huku ukitumia nguvu mshipi unakuangukia kichwani kama tambi. Na nyuma yako mikoko. Tulipoteza ndoana nyingi mpaka Nahodha akasema twendeni uwanja wa mpira, tukafunga kipande cha sufi badala ya ndoana, wiki tatu tunarusha kwenye majani makavu na watoto wametuzunguka.

Halafu kuna hili la kuambiwa ni mambo ya kizungu. Babu yangu alivua na ngalawa maisha yake yote, na alikuwa anafunga manyoya meupe ya kuku kwenye ndoana anaburuta nyuma ya chombo, samaki wanayavaa wakidhani dagaa. Hakuna mzungu aliyemfundisha. Na huko kwao kwenyewe, habari ya zamani sana inayojulikana ni ya Aelian, Mroma aliyeishi miaka kama 1,800 iliyopita, aliyeandika juu ya watu wa Makedonia waliokuwa wanazungushia ndoana sufu nyekundu halafu wanafunga manyoya mawili ya shingoni mwa jogoo. Jogoo! Mimi nilipolijua hilo nilimfikiria babu moja kwa moja.

Ila kilichokuja na wakoloni ni samaki wa baridi. Kule Kenya waliwapandikiza trauti kwenye mito ya Aberdare mwaka 1905, na trauti anataka maji ya mlimani yenye baridi na hewa nyingi. Lukuledi ukimwekea huyo anakufa siku hiyohiyo. Kwahiyo vile vinzi vidogovidogo vya trauti, yaani ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu, havitufai, sisi tunafunga kinachoendana na maji yetu, yaani dagaa na kamba.

Kufunga kwenyewe tunafanyia barazani kwa fundi cherehani. Jiliwa dogo limebana ndoana, uzi mweupe wa cherehani, manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu, na nyuzi mbilitatu zinazometa zilizochomolewa kwenye kitambaa cha harusi. Unazungusha uzi kuanzia karibu na tundu kurudi nyuma, unalaza manyoya mawili mgongo kwa mgongo, unabana, unafunga kichwa, unapaka rangi ya kucha ili uzi usifumuke. Anayetushinda wote ni binti wa fundi, yuko darasa la sita. Vidole vyake vidogo, havina haraka. Vya kwake nikivitia majini vinaogelea kweli, mkia unacheza.

Sasa siku ile. Maji yanajaa, saa moja na nusu asubuhi, upepo wa kusi bado haujaamka. Maji yakijaa yanaingia mikokoni na dagaa wanayafuata, na kolekole wadogo wanawafuata dagaa. Niliona dagaa wanaruka kama mtu kamwaga kiganja cha senti juu ya maji, nikapeleka mshipi nyuma, nikasubiri, nikauleta, unyoya wa yule binti ukatua kama hatua mbili mbele yao. Nikavuta mara moja. Mara ya pili mkono ukavutwa. Ule mshipi mnene ulinipita vidoleni nikasikia unaunguza, fimbo imekunjika mpaka kishikio, wenzangu wote wamesimama wanapiga kelele mwachie, mwachie aende, usimlazimishe! Dakika kumi hivi. Alipofika mikononi alikuwa wa rangi ya fedha tupu, magamba magumu ya mkiani yanakwaruza, jicho kubwa, na unyoya umekaa pembeni ya mdomo bila tone la damu, maana ule mwiba wa ndani wa ndoana huwa tunaubana kwa plaizi.

Nikampima kwa shubiri. Hakufika mbili. Nikamrudisha.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, na uliendelea miezi. Nahodha aliniambia mbele ya watu, mwanangu, riziki hairudishwi majini, kuna nyumba leo zinalalia uji. Sikumjibu siku ile na sikuwa na haki ya kumjibu, yeye kalea watoto saba kwa mshipi. Lakini kolekole wa shubiri mbili bado mtoto. Hajazaa hata mara moja, hapa mlangoni anakulia tu, akishakuwa mkubwa ndio anatoka bahari kuu. Na sote tunaona watu wanavyokuja usiku na vyandarua vya mbu wanakomba mpaka vifaranga visivyoonekana, na kule juu mtoni kwenye vidimbwi vya kiangazi wapo wanaotia utupa, ule mmea wa sumu, samaki wanaelea wote, wakubwa kwa wadogo. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu na baruti ila sheria hailali mikokoni. Tunaolala huko ni sisi.

Tukakubaliana hivi: kelea na hongwe anayetaka kula ale, kolekole chini ya shubiri mbili anarudi. Nahodha alinyamaza, hakusema ndio.

Mwaka 2024 mwezi wa tano, kile kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zikakata barabara ya Dar huko Kilwa, mto ulishuka mwekundu kama chai ya maziwa. Maji yakiwa hivyo unyoya hauna kazi, samaki haoni kitu. Tukawa tunakaa barazani tu tunafunga. Jioni moja Nahodha akaja na kopo la maziwa ya watoto, akaliweka kwenye meza ya cherehani bila neno. Ndani kulikuwa na manyoya ya shingo ya jogoo wake, mekundu yanayoelekea kwenye dhahabu, kayaosha kwa sabuni na kuyapanga kwa urefu. Akamwambia yule binti, nifungie la kwangu, mjukuu wangu, ila mwiba huo bana mwenyewe, macho yangu hayaoni tena.