Nyota iko wapi?

Maneno matatu tu. Nimekuwa nayo tangu Jumatatu asubuhi, nimelala nayo, nimehama nayo nyumba, na leo Jumapili bado hayajanitoka.

Bibi wa Stoo, msimamizi wa stoo ya makumbusho ninakofanya kazi, mnamfahamu, nilishawaeleza habari zake. Hapandishi sauti, hagombi, na humu kazini tunaitana kwa majina ya ukoo miaka nenda miaka rudi, kama ilivyo desturi ya Wajerumani. Jumatatu nilimpelekea rasimu ya maelezo ya ile bastola ya kijivu niliyoanza kuwasimulia mwezi uliopita. Akaisoma amesimama, koti bado mwilini. Kidole chake kikatua kwenye mstari wa tatu.

“Umeandika ina alama ya nyota.”

“Ndiyo.”

“Nyota iko wapi?”

Nikafungua mdomo, halafu nikasema neno ambalo ningelipa nirudishiwe: “Za kundi hilo huwa nazo.”

“Sikukuuliza za kundi hilo.” Akanirudishia karatasi, akavua koti, akaenda kuwasha taa za nyuma. Basi, ndiyo hayo tu. Mtu mwingine angeyasahau kabla ya chai.

Kwa waliokosa habari ya mwanzo: kadi ya zamani ya bastola hii inasema ilikuwa ya mwanajeshi wa Kijerumani, mwisho wa vita. Ni P.38, aina ya bastola ya jeshi la Ujerumani, milimita 9, ya risasi nane. Ubavuni kushoto imegongwa P.38, kisha namba yake, kisha herufi tatu ndogo, svw, na chini yake 45. Wakati wa vita viwanda vya silaha vya Ujerumani havikuandika majina yao kwenye chuma, viliandika herufi za siri. Walther walikuwa ac. Spreewerk walikuwa cyq. Mauser wa Oberndorf, kule kwenye mto Neckar, walikuwa byf, na 1945 ilipoingia wakabadilishiwa wakawa svw. Kwa hiyo kiwanda tunakijua. Tatizo ni nani alikuwa bwana wa kiwanda siku chuma hiki kilipogongwa.

Maana Aprili 1945 jeshi la Ufaransa liliingia Oberndorf, na badala ya kuzima mashine likaziacha ziendelee. Bastola zikaendelea kutoka, safari hii kwa ajili ya askari wa Ufaransa, na herufi zile zile svw, na mwaka ule ule 45. Zenye 46 hazisumbui mtu, vita ilikuwa imekwisha, ni za Wafaransa bila ubishi. Za 45 ndizo zinazokosesha usingizi. Ya Machi ni ya jeshi moja, ya Septemba ni ya jeshi jingine, na ukizilaza mezani unaweza kudhani ni mapacha.

Ungesema tufungue daftari za kiwanda. Hazipo. Kiwanda kilikuja kubomolewa na kumbukumbu zake nyingi zikaharibiwa kwa amri ya kamanda wa Kifaransa wa pale. Yaani aliyejua amenyamazishwa, kimebaki chuma. Rangi ya kijivu peke yake haitoshi, kwa sababu Mauser walikwisha kuanza kuchovya vipande vyao kwenye fosfati, dawa ya kuzuia kutu inayoacha rangi ya kijivu, kabla Wafaransa hawajafika. Ile rangi nzuri ya samawati iliyokolea ilitaka muda na mikono, na vyote viwili vilikuwa vimewaishia. Vibao vya mpini vya bati la kukandamizwa, ambavyo yangu inavyo, vinanielekeza kwa Wafaransa lakini vibao ni skrubu moja tu, mtu yeyote anaweza kubadilisha. Alama ya tai, muhuri wa wakaguzi wa Kijerumani, nayo inakwenda huku na huku, maana vipande vilivyobaki vikiwa na muhuri huo vilitumika tu. Linalokata shauri ni ubavu wa kulia. Ya Wajerumani ina mihuri yao ya ukaguzi, na tai mwenye swastika katikati. Ya Wafaransa ina nyota ndogo ya pembe tano.

Na mimi ubavu wa kulia sikuwa nimeuona. Kwa macho yangu, sikuuona. Sababu ninayo: aliyeipokea bastola hii zamani alipaka rangi nyeupe palepale, akaandika juu yake namba ya makumbusho kwa wino, akafunika kwa vanishi. Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa. Kipande cha upana wa kucha ya dole gumba, kimegeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Nilijua kilichotakiwa kuwa chini yake, nikaandika kana kwamba nimekiona.

Hilo ndilo lililonichoma, si kukosolewa. Nimekosolewa mara nyingi. Ni kwamba alitumia neno “wapi”. Hakuuliza kama nina hakika, hakuuliza nimesoma wapi, angeuliza hivyo ningemjibu mpaka jioni. Aliniomba nimwonyeshe kwa kidole, na kidole hakikuwa na pa kwenda. Nikiosha vyombo namsikia. Nikifunga maboksi namsikia. Baba Yusufu akaniambia, “Mama Yusufu, neno hilo limekukaa,” nikakataa, na huku nilikuwa nimeifunga sufuria ile ile kwa gazeti mara ya pili.

Jumatano nikaomba fundi wetu wa ukarabati anipe nusu saa. Tulipiga picha kwanza, namba tukaiandika kwenye kitambulisho cha kufunga kwa uzi ili isipotee, kisha akachovya kijiti cha pamba kwenye asetoni. Vanishi ikalainika, ikawa kama asali. Wino ukaondoka, tarakimu ya mwisho kwanza. Alikuwa akizungusha kijiti badala ya kusugua, akikitupa na kuchukua kingine, na kila kimoja kilitoka cheupe zaidi ya mwenzake. Mimi nilishika taa kwa pembeni ili mwanga ulale juu ya chuma. Mkono ulinitetemeka kidogo na akaniambia nipumue.

Pembe moja ikaonekana. Kisha mbili. Ndani yake rangi nyeupe ilikuwa imeganda, na fundi akaiacha ile ya kwenye mifereji, kwa hiyo nyota ikabaki imechorwa kwa weupe kwenye kijivu. Haikugongwa sawasawa, upande mmoja umezama, upande mwingine umegusa tu.

Machozi yalinitoka. Sijui niseme nini zaidi.

Bibi wa Stoo alikuja, akaweka lenzi ya kukuzia jichoni, akainama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. “Haya,” akasema. “Sasa andika.” Akaondoka. Nilitaka aseme neno jingine, hata sijui neno gani. Mstari wa tatu umebaki vilevile nilivyouandika, herufi kwa herufi, na bado kila nikiusoma nausikia ule wa Jumatatu ndani yake.

Alhamisi tukahama, Ijumaa Baba Yusufu akaitwa kwenye ile kazi aliyoihangaikia mwaka mzima, Da Mwanaidi akapiga simu akapiga vigelegele mpaka Yusufu akaamka.

Lakini jana, katikati ya maboksi, mawazo yakageuka. Nikaacha kumfikiria Bibi wa Stoo, nikaanza kumfikiria aliyeshika nyundo. Huenda wafanyakazi wengi walikuwa wale wale, waume kwa wake wa mji ule ule mdogo bondeni. Machi waligonga muhuri mmoja, miezi michache baadaye wakagonga nyota, kwenye benchi lile lile. Kadi yetu imesema kwa miaka yote hiyo kwamba bastola hii ilibebwa na Mjerumani vitani, kumbe ilizaliwa kiwanda kikiwa tayari mikononi mwa Wafaransa. Bastola za aina hii zilikwenda na Wafaransa mpaka Indochina. Kadi mpya nimeiandika kwa mkono, taratibu, na nimeanza na ubavu wa kulia.

Sasa ni saa nne usiku. Yusufu amelala chumba chake kipya, na juu ya kitanda chake kuna doa la maji kwenye dari. Ijumaa lilikuwa kama kisahani cha chai. Leo nimepanda kiti nikaligusa, ni baridi na linanata kidogo. Juu yetu hakai mtu, mwenye nyumba hapokei simu. Nimechukua penseli nikazungushia ukingo wake mstari, nione kama asubuhi litakuwa limeuvuka.