Njiti za Kiberiti

Mimi situpi vipande vya mishumaa. Mshumaa ukibaki urefu wa pingili ya kidole, naubandua, nautia kwenye kopo la bati lililo juu ya kabati la jikoni, na kopo likijaa natafuta jingine. Mume wangu akipita hapo hutikisa kichwa. "Mama watoto, hivi vitu unavifuga ili vizae?" Sina jibu la kumpa. Mama yangu alikuwa hatupi kitu: vifungo vya mashati yaliyochakaa, vipande vya kamba, karatasi za zawadi alizozifungua taratibu zisichanike, akazinyoosha kwa kiganja na kuzilaza chini ya godoro. Mimi katika hayo yote nilirithi kopo tu.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa siku ya nne ya mvua isiyokatika. Baba yao alikuwa safarini. Nguo nilizofua Jumatano zilikuwa bado mbichi, zimetandwa kwenye viti, kwenye milango, na kwenye kamba niliyoikatiza sebuleni, hata mtu akitaka kwenda jikoni inamlazimu ainame apite chini ya suruali. Na watoto wote watatu ndani. Kifungua mimba alikuwa na miaka 9, umri wa kuona kila kitu ni cha kitoto. Wa kati, binti yangu, miaka 6, mdomo haupumziki tangu macho yanapofunguka. Kitinda mimba alikuwa na miaka 3, na siku hiyo alijipa kazi moja tu: kutaka chochote kilichoshikwa na mwenzake.

Kabla ya saa nne asubuhi walikwisha kugombea boksi tupu. Boksi! Nilikuwa nawaamua kwa mara ya tatu macho yangu yalipopanda juu ya kabati.

"Leo tunatengeneza mishumaa," nikasema.

Wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikajua nimewapata.

Sikuwahi kutengeneza mshumaa hata mmoja, lakini nilijua mambo mawili, na mambo mawili yanatosha kumfanya mtu ajione fundi. La kwanza, nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja. Ikizidi joto hutoa mvuke unaoshika moto kama mafuta ya kukaangia, na ukiukimbilia moto huo na maji ndipo unapoualika upande mpaka darini. Kopo la nta hukalishwa ndani ya sufuria ya maji: maji hata yachemke vipi hayapiti nyuzi 100, na nta ya mishumaa ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo hapo uko salama. La pili, utambi uwe wa pamba. Uzi wa nailoni huyeyuka na kujikunja kabla haujawaka sawasawa. Lipo na la tatu, ambalo nililijua usiku.

Kifungua mimba nilimpa nyuzi za pamba azisuke tatu tatu kama nywele. Akasema kusuka ni kazi ya wasichana. Nikamwambia basi akae atazame. Haikupita dakika tano akawa anasuka, ulimi ameubana kwenye pembe ya mdomo, na nitasema ukweli, alisuka vizuri kuliko mimi. Binti alipewa maganda ya mayai. Nilikuwa nimeyatoboa juu tu na kuyaosha, kwa sababu mtu asiyetupa mishumaa hakosi kuwa na maganda ya mayai pia. Kazi yake ilikuwa kuyasimamisha juu ya vizibo vya chupa yasije yakaviringika. Kitinda mimba nilimketisha upande wa meza ulio mbali na jiko, ayahesabu. Akahesabu: moja, mbili, tano, mbili, kumi. Akavunja mawili. Yakabaki saba.

Nta ilichukua muda kuliko nilivyodhani. Vipande vya mishumaa vina uchafu wake: vichwa vya njiti, mabaki ya tambi zilizoungua, vumbi la miaka. Niliichuja kwa soksi iliyokosa mwenzake (nyumba gani haina soksi ya namna hiyo?), ikashuka safi kabisa, kama maji.

"Mbona haina rangi?" binti akauliza.

Hapo ndipo ningesema hapana, na siku ingekwenda kivingine. Lakini nilikuwa nimefurahi. Sikuwa nimewaona wametulia meza moja kwa saa nzima tangu mvua ianze. Nikasema, haya, leteni krayoni, zilizovunjika tu. Nilijishawishi kwamba krayoni nayo ni nta. Nta ikiongezwa kwenye nta, itadhurika nini?

Niliigawa nta kwenye vikopo vinne, kila mtu na chake. Nikaweka sheria: kipande kimoja cha krayoni kwa kikopo kimoja, basi. Changu nikatia buluu. Kitinda mimba akachagua njano, au mimi ndiye niliyemchagulia. Kifungua mimba akakunja mikono. "Mimi wangu hauna rangi. Rangi ni za watoto." Binti alikuwa ameinama, anamenya karatasi za krayoni kwa kucha, anaimba. Nikageuka kumpangusa mdogo kamasi. Niliporudisha uso, kile kipande kimoja kilikwisha kuwa ngumi nzima: nyekundu, kijani, zambarau, na nadhani hata kahawia. Kikopo kimekuwa tope.

"Nimeziweka zote," akanieleza, "zisije zikaoneana wivu."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba wakati huo nilicheka.

Tukamimina. Nta ikipoa hunywea, kwa hiyo kuzunguka kila utambi likabonyea shimo dogo, tukarudi kujaziliza. Tukasubiri. Ilivyofika alasiri tulibandua maganda, na sherehe ilikuwa pale, kila mtoto anakwangua ganda kama anayefungua zawadi. Mishumaa saba yenye umbo la yai: miwili myeupe, miwili ya buluu, miwili ya rangi ya tope, na mmoja wa njano uliolalia upande. Binti aliipanga yote dirishani, akaishusha, akaipanga tena.

Nilikuwa nimekusudia kuzima taa jioni ili waifurahie. Sikuhitaji. Saa mbili kasoro umeme ukakatika wenyewe, na kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu umeme ulikatika ukapigiwa makofi.

"Wangu kwanza! Wangu kwanza!"

Nikauwasha wa binti. Mwali ukasimama mzuri, mrefu, nyuso zao zikatokeza gizani. Akaanza kuruka. Kisha mwali ukapungua, ukawa mdogo kama kichwa cha kiberiti, ukatatarika, ukazimika. Nikawasha tena. Ukazimika. Nikawasha wa pili wake, nao ukafuata mwenzake njia ileile.

Kaka yake akaangua kicheko. "Si umeutia takataka!"

Nami nilikuwa nimechoka. Kidole kilikuwa kinawaka kwa nta iliyonimwagikia mchana, kuna nguo za siku nne zinazoanza kunuka unyevu, na mtu ambaye tungesaidiana hayupo. Sisemi hayo kujitetea, nasema yalivyokuwa. Nikamgeukia mtoto. "Si nilikwambia kipande kimoja? Kimoja! Wewe husikii kamwe. Sasa tazama ulivyoiharibu nta ya watu."

Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Ule mdomo usiopumzika ukafunga, akateremka kitini, akapita chini ya nguo bila hata kuinama, akapotelea gizani kuelekea chumbani.

Nikawasha wa njano. Ukawaka kidogo, ukazimika. Sawa, nikasema moyoni, huo umekaa upande. Nikawasha wa kwangu, wa buluu, wenye kipande kimoja kama sheria yangu ilivyotaka, uliosimama wima, uliotengenezwa na mtu mzima. Niliutazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Ulichukua muda zaidi, dakika mbili labda. Halafu nao ukaanza kutatarika.

Mweupe wa kifungua mimba ndio uliowaka. Uliwaka wima, bila sauti, na mwenyewe alikuwa muungwana kiasi cha kutosema neno, isipokuwa meno yote yalionekana.

Kwa mwanga wake nilichukua kisu nikaupasua wa kwangu ubavuni mwa utambi. Utambi hufanya kazi kama pindo la shuka lililogusa beseni la maji, hunyonya. Hunyonya nta iliyoyeyuka ikapanda juu, huko juu joto likaigeuza mvuke, na ule mvuke ndio unaowaka. Uzi kazi yake kubwa ni kupandisha tu. Sasa rangi ya krayoni haiyeyuki ndani ya nta kama sukari kwenye maji. Ni unga laini mno uliotawanyika, macho hayauoni. Unapanda pamoja na nta mpaka kwenye nyuzi, unakwama hapo, unaziba, na mwali unakufa kwa njaa huku nta imeuzunguka. Utambi wangu ulikuwa na ukoko wa buluu kichwani, mgumu, nikiukwangua kwa ukucha hautoki vizuri. Wanaotengeneza mishumaa ya rangi hutumia rangi maalumu inayoyeyuka ndani ya nta. Hilo ndilo la tatu.

Maana yake, kati ya ngumi yake na kipande changu kimoja, tofauti ilikuwa dakika moja ya kuwaka. Na aliyesema leteni krayoni ni mimi.

Nilikaa pale kidogo. Kumwomba radhi mtu mzima nimezoea; kwa mtoto wa miaka 6 nilijikuta natafuta njia za pembeni. Nimpelekee kitu cha kutafuna? Nimwite kama hakuna kilichotokea, "njoo uone mshumaa wa kaka yako"? Angekuja. Watoto huja. Mwishowe nikauchukua nusu ya mshumaa wangu uliopasuliwa na kwenda nao chumbani, giza kwa giza, napapasa ukuta.

Alikuwa amekaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta.

"Mwanangu, nisamehe. Sio wewe uliyeiharibu. Wangu pia umezimika."

Kimya.

"Wako wa buluu?"

"Wa buluu."

"Wenye kipande kimoja?"

"Kimoja."

Akanyosha mkono, akauchukua, akaupapasa pale nilipopasua. Akafikiri. "Basi na yako nayo ilikuwa haisikii," akasema. Sijui kama alimaanisha nta, krayoni, au mimi.

Tuliporudi sebuleni, kaka yake alikuwa analinda mshumaa wake kwa viganja viwili dhidi ya mdogo wake. Nikawaambia nina mchezo. Niliufundishwa darasani zamani nikausahau, ukanirudia usiku ule tu. Nikaupuliza mshumaa taratibu, ukazimika, uzi wa moshi mweupe ukapanda kutoka kwenye utambi. Haraka nikaupeleka moto wa kiberiti kwenye moshi, juu kabisa, mbali na utambi. Mwali ukaruka, ukateremka kwa njia ya moshi na kuuwasha mshumaa wenyewe.

"Umeruka!" binti akapiga ukelele. "Moto umeruka! Mama, umeruka!" Mdomo ulikuwa umerudi kazini.

Ule moshi mweupe kwa kweli ni nta, mvuke ambao haujapata kuungua na unaanza kuganda hewani, ndiyo maana unashika moto. Niliwaeleza, sidhani kama kuna aliyesikia. Kila mmoja alitaka zamu. Mkubwa na binti walishika njiti wenyewe, nami nikishika vifundo vya mikono yao. Kitinda mimba alipewa kazi ya kupuliza, na alipuliza kwa mate. Miaka kadhaa baadaye kifungua mimba alirudi kutoka shule akiwa amekasirika kidogo. "Mama, kumbe huo mchezo si wako. Mwanasayansi mmoja, Michael Faraday, aliwaonyesha vijana London mwaka 1860. Alitoa mihadhara sita juu ya mshumaa tu." Mihadhara sita! Mimi mmoja ulinitoa jasho.

Hatukuitupa ile iliyozimika. Singeweza kuirudisha kwenye kopo ikaharibu na mingine, kwa hiyo ilibaki dirishani, minne na nusu, mpaka jua la msimu uliofuata likailegeza ikaegemeana. Baba yao aliporudi aliuliza ni mayai ya ndege gani. Binti akamweleza kwa nusu saa.

Usiku ule walilala saa nne, umeme bado haujarudi. Asubuhi nikachukua kiberiti niwashe jiko. Nilipokitikisa kililia, kumbe kimejaa. Nikakifungua. Njiti zote zilikuwa nyeusi, zimeungua mpaka katikati, na mtu amezirudisha moja moja, amezilaza vichwa upande mmoja.