Kitufe

"Baba, mbona kila usiku lazima ulie kwanza ndiyo ulale?"

Kitinda mimba huyo, mnamjua kwa maswali yake. Kasimama mlangoni, mswaki mdomoni, ananitazama nilivyoinua uso darini, kidole kimebana kona ya jicho karibu na pua, na tone lililokosa njia linateremka shavuni. Nikamwambia silii, ni dawa. Dawa ya nini? Ya presha ya macho. Akacheka mpaka povu likamtoka, maana presha anayoijua yeye ni ya bibi yake mzaa mama, ile ya kuvishwa kitambaa mkononi na kupigwa pampu. "Sasa jicho wanalivisha wapi?"

Tulicheka wote. Alipokwenda kulala nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda, nikakikumbuka kile kitufe.

Ya nyuma nayapitisha haraka. Nilikuwa na miaka 44, herufi zimeanza kugeuka sisimizi, nikaenda kutafuta miwani ya kusomea, basi. Kimashine kikanipulizia upepo jichoni, pfu, nikaruka. Kijana aliyekuwa akinipima akatazama namba, akapuliza tena, kisha utani wote ukamwisha. Kulia 31, kushoto 28. Nikamuuliza, "Kufaulu ni ngapi?" Ndivyo nilivyo, shule haijanitoka. Akasema macho ya watu wengi hucheza kati ya 10 na 21, vipimo vya milimita za zebaki, na kwamba nisikae na jambo lile, nikamwone daktari. Daktari naye akaniwekea ganzi na rangi ya manjano, akanisogezea taa ya buluu mpaka ikaligusa jicho, akapata namba zisizopishana sana na zile. Akaniandikia kipimo kingine.

Chumba cha kipimo hicho kina giza. Unaweka kidevu kwenye kibao, paji la uso kwenye mkanda, jicho moja limezibwa, na mbele yako kuna bakuli kubwa jeupe lililolazwa ubavu. Katikati yake pana nukta ya manjano. Ukaambiwa uikodolee hiyo nukta, usihangaishe jicho, na kila utakapoona kimulimuli popote ndani ya bakuli, ubonyeze kitufe ulichopewa mkononi. Kazi ya mtoto mdogo.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kimulimuli chini kushoto, nikabonyeza. Kingine kule pembeni, nikabonyeza. Kisha taa zikaanza kufifia, kimoja kikaja hafifu kama majivu ya sigara gizani, nikajiuliza nimekiona au nimekiwaza, nikabonyeza. Kisha kimya. Si kimya cha masikio, kwa sababu mashine ilikuwa ikiguna ndani kwa ndani, kama mtu anayehamisha viti chumba cha pili. Ilikuwa kazini. Mimi ndiye sikuona kitu. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Hakuna. Jasho likatoka kwenye kidole gumba. Nyuma yangu dada mpimaji alikuwa amekaa kimya, nami nikawa na hakika kwamba anaandika: huyu kakosa, kakosa tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuiba.

Sioni neno jingine. Niligundua kwamba mashine haiendi ovyo, ina mdundo wake. Ikiguna, baada ya kitambo kidogo taa huja. Kwa hiyo ikiguna nikawa nangoja kitambo hicho, halafu nabonyeza, taa nimeiona sijaiona. Kama siku za maswali ya kuchagua jibu: ukikwama, weka tiki kwenye C na usonge mbele. Kidole kilipata raha. Nilikuwa nafaulu.

Taa za chumba zikawashwa. Yule dada akakitazama kioo chake, akanitazama mimi, akasema kwa upole ambao mpaka leo unaniuma kuliko ukali:

"Kaka, umebonyeza mara nyingi sana hata pale ambapo haikuwasha kitu."

"Sasa yenyewe inajuaje?"

"Makusudi. Mara nyingine inaguna tu."

Nikakosa pa kuficha uso. Akanieleza mengine ambayo laiti angenieleza mapema: kwamba mashine huipunguza taa mpaka ifike pale jicho linaposhindwa, hivyo hata mwenye macho mazima karibu nusu ya vimulimuli vile havioni. Kutoona ndiyo sehemu ya jibu. "Usihofu kukosa," akasema. "Tuanze upya?"

Tulianza upya. Safari hii nilibonyeza kwa haki, na vile vimya vilikuwa virefu jamani. Karatasi ilipotoka, jicho la kushoto lilikuwa na madoa machache tu. La kulia lilikuwa na upinde wa kijivu kizito, juu, upande wa pua. Lakini ile karatasi ya kwanza, ya wizi, ilikuwa nyeupe pe! Nilifaulu kwa kishindo. Laiti yule dada angeniachia niende nayo nyumbani.

Daktari alinichorea. Jicho hujitengenezea maji yake ndani, hayahusiani na machozi, na maji hayo yana pa kutokea pembeni mwa mboni. Njia ikiwa nzito, maji yanabanana, presha inapanda, na nyuma kabisa mshipa wa fahamu unaopeleka picha ubongoni unakufa nyuzi kwa nyuzi. Zilizokufa hazirudi. Dawa inalinda zilizobaki tu. Nikamuuliza mbona basi sijawahi kuona giza lolote kule juu. Akasema ubongo haupendi pengo, unalijaza kwa kubahatisha kutokana na vilivyo jirani.

Nilinyamaza. Nikaona hata ubongo wangu nao umezoea C.

Akauliza kama nina pumu, nikashangaa jicho na kifua vimekutana wapi. Kumbe moja ya dawa alizotaka kunipa huteremkia puani, ikaingia kwenye damu na kuweza kubana pumzi. Ndiyo maana ya kile kidole kwenye kona ya jicho. Akauliza pia kama kuna aliyepofuka kwetu. Nikajibu haraka, hakuna. Kisha nikasema, mama tu, na ulikuwa uzee. "Alianza lini?" Kwenye hamsini hivi. Nilipoitamka hiyo namba nikasikia ilivyo ndogo. Mama aliyekuwa akijikwaa kwenye vigoda, nasi tukimfokea aangalie anakokwenda, naye akijibu, "Si naangalia?"

Daktari akasema ndugu zangu wapimwe, ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Niliwaambia wote. Kaka yangu mkubwa ananijibu mpaka leo kwamba yeye anaona vizuri tu. Hata mimi nilikuwa naona vizuri.

Ni miaka 8 sasa. Tone moja kila jicho usiku, jingine asubuhi na jioni, dakika 5 kati ya dawa na dawa. Namba zimeshuka, zinacheza 15, 16. Upinde haujakua. Kope zimerefuka kwa sababu ya dawa, shemeji zangu wananionea wivu. Shida ya dawa hii ni kwamba hunywi ukapona ukajisikia. Ukiacha wiki nzima hakuna kitakachouma, na nakiri zipo wiki ambazo nilijisahaulisha.

Leo asubuhi kitinda mimba amekuja na mpango. Atanipima yeye. Nizibe jicho la kushoto, nimtazame puani, niseme ni vidole vingapi. Akapanda juu ya kitanda, akainua mkono kule upande wa pua yangu, juu kabisa, mahali penyewe. Sijui nani alimwelekeza. Chini nikaona vikunjo vya shati lake vimekazana kama vya mtu aliyeinua mkono.

"Vingapi?"

Sikuona kitu. Nilisikia shati linasugua.

"Viwili," nikasema.

"Baba! Bado hata sijanyoosha."